Karani Mbele ya Kamera

Kama kuna mtu aliyezaliwa na kinyaa, basi ni Dobi. Mtu huyu hanywi maji kwenye kikombe cha mwenzake, hata ukisugue kikombe hicho kwa majivu mpaka kitoboke. Akipewa mkono na mtu anayekohoa, mkono ule atauning'iniza mbali na mwili wake mpaka apate bomba. Akikuta unywele kwenye mkate, siku hiyo hali tena. Watu humcheka, eti dobi gani mwenye kinyaa, si sawa na mpishi anayeogopa moshi? Yeye hujibu kwamba ndiyo sababu nguo zake zinang'aa. Anayeuzoea uchafu, asema, atakuachia doa na kukuambia ni kivuli.

Na kazi yenyewe, tusidanganyane, inakutia kinyaa na binadamu. Wewe unamwona bwana mkubwa anapita na tai yake, unamwamkia. Dobi anaijua kola ya bwana huyo. Anayajua makwapa ya watu wenye majina. Anavijua vitambaa vya meza vya hotelini ambavyo watu wazima wamevipengea kamasi. Mashuka, basi, tuyaache. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Dobi akiisikia methali hiyo hucheka peke yake, maana yeye ndiye anayekitoa kwa brashi. Anavaa glovu za mpira, anajifunga kitambaa puani, anafua huku uso ameukunja.

Mtu mmoja tu alikuwa nje ya kinyaa hicho: baba yake. Mtaa mzima ulimwita Karani, kwa kuwa alikuwa karani wa mahakama tangu ujana wake mpaka akastaafu, na hakuna aliyewahi kumwona na shati lisilopigwa pasi. Ndiye aliyemfundisha Dobi kushika pasi: kola kwanza, halafu mabega, mikono, mgongo mwisho. Sasa akili ya mzee ilikuwa inaondoka kidogo kidogo. Asubuhi aliamka mzima, anatania, anauliza habari za soko. Mchana alimwita mwanawe "kijana". Jioni aliuliza kikao kinaanza saa ngapi na hakimu yuko wapi. Na kibofu nacho kikaanza kumsaliti.

Ugonjwa ulipokuwa ndio kwanza unabisha hodi, mzee bado ana akili zake timamu, alimwita Dobi chumbani akafunga mlango.

"Kitinda," alimwambia. Hivyo ndivyo alivyomwita, maana Dobi ndiye kitinda mimba, na ndiye pekee kati ya watoto aliyebaki naye. "Nikiharibika, nisitiri. Unioshe wewe, univishe wewe, na watu wa nje wasinione. Sina wasia mwingine."

Dobi akaapa. Na kusema kweli, kiapo alikishika. Mchana alimleta baba yake dukani, akamkalisha karibu na dirisha, akampa leso za kukunja. Mzee alipojisahau, Dobi alifunga mlango, akamwingiza chumba cha nyuma, akamwosha kwa mikono mitupu, bila glovu, bila kitambaa puani. Akamvisha suruali nyingine iliyonyooka. Wateja walikuta mlango umefunguliwa tena na mzee yuko kitini kwake, safi, anakunja leso. Mtaani hakuna aliyejua, isipokuwa Shangazi, mdogo wake Karani, ambaye alikaa nao nyumbani na ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jiki.

Haya, marafiki sasa. Kuna marafiki ambao ukiulizwa mliungana kwa lipi, utakuna kichwa. Dobi alikuwa nao wawili wa aina hiyo, tangu shuleni.

Wa kwanza ni Kinyozi, mwenye duka upande wa pili wa barabara. Huyu mikono yake hunyoa, lakini kichwani mwake yeye ni mwongozaji wa filamu. Akikunyoa hufumba jicho moja, akarudi nyuma hatua, akakutazama kupitia vidole vyake kama anayepima picha, nawe uko nusu kipara unangoja. "Akili ni nywele," husema, "na hapa mnaziacha zote sakafuni." Halafu huchukua mkate wake juu ya meza ileile ya mashine, akaupangusa kidogo kwa kiganja, akala. Dobi akiona hivyo hutazama barabarani.

Wa pili walimwita Harusi, kwa sababu kazi yake ni kupiga video za harusi. Mpole, mzito wa maneno, mwenye tabia ya kujichokoa sikio kwa ufunguo kisha akautazama ufunguo. Harusi alikuwa na mazoea yake ya kazi: hazimi kamera. Keki haikatwi mara mbili, husema, na bibi harusi halii mara mbili. Akiwasha asubuhi amewasha. Taa nyekundu ya kamera ameiziba kwa kipande cha mkanda mweusi, ili wageni wasijue na wasijitie madaha. Ukimwambia basi, yatosha, yeye huishusha tu kamera, akaiweka mahali, nayo inaendelea kunasa. Ndiyo maana kila harusi aliyoipiga ina kipande ambacho mjomba fulani anaficha soda ndani ya koti.

Sasa likatoka tangazo la mashindano ya filamu fupi. Ijumaa asubuhi mnapewa mada, Jumapili alasiri mnakabidhi filamu, na jioni hiyohiyo zinaonyeshwa ukumbini mbele ya waamuzi. Atakayeshinda anapelekwa chuo cha filamu. Kinyozi aliposikia neno chuo, alimwacha mteja na povu usoni akavuka barabara mbio.

"Ndugu zangu, hii ni zamu yetu! Mimi naongoza, Harusi anapiga, Dobi mavazi na chumba. Nani atatuweza?"

Dobi alikubali kwa sababu hawezi kukataa. Hilo ndilo doa lake, na hakuna sabuni iliyowahi kulitoa.

Mada ikatoka: Kungoja. Kinyozi akafumba jicho moja. Hadithi aliitunga papo hapo, na nitakwambia ilivyokuwa ili usihangaike: mzee mmoja amevaa vizuri, amekaa kitini na sanduku lake, anawangoja watoto wake waje kumchukua. Hawaji. Mwisho. Mwigizaji alikuwa amepatikana, mzee mmoja mlinzi wa ghala, lakini Jumamosi asubuhi mlinzi akaleta habari kwamba mguu umevimba na hatoki. Muda unayoyoma. Kinyozi akatembea huku na huku dukani kwa Dobi, akikanyaga nguo za watu, mpaka macho yake yakatua dirishani.

"Na huyu?"

"Huyu nani?" Dobi akauliza, ingawa alijua.

"Mzee wetu. Tazama uso huo! Tazama alivyokaa! Haigizi huyu, anangoja kweli."

"Hapana. Baba yangu mwache."

"Kukaa kitini tu, kaka. Si hapo amekaa?"

Na hapo ndipo Karani mwenyewe alipoinua kichwa kutoka kwenye leso zake. "Mnataka shahidi?" akauliza. "Mimi niko tayari." Uso ukamng'aa. Ilikuwa muda mrefu Dobi hajauona uso ule, uso wa mtu anayeitwa kazini. Akasitasita. Akajiambia, kukaa tu kitini, kuna ubaya gani, tena atafurahi. Wewe msomaji usimcheke. Wengi tumeangushwa na furaha ya wazee wetu.

Shangazi alikuwa ameleta chakula cha mzee, amesimama mlangoni na bakuli, amesikia yote.

"Wewe mtoto una wazimu," alisema. "Humjui kaka yangu? Huyu anayetaka kuonekana ni ugonjwa, si yeye."

"Shangazi, ni kukaa tu."

"Kukaa tu! Aibu ya maiti aijuaye mwosha, mwanangu, na baba yako bado hajafa. Mimi sitakanyaga huko kwenye sinema yenu." Akaweka bakuli juu ya meza ya pasi kwa kishindo akaenda zake.

Wakapiga picha chumba cha nyuma. Ni chumba kidogo chenye dirisha moja, rafu ya mashati yaliyokunjwa, pipa la maji, na harufu ya sabuni na mvuke isiyotoka hata ufanyeje. Harusi akaleta taa yake kubwa ya ukumbini, ile inayoyeyusha poda za mabibi harusi, akaiwasha. Chumba kikawa tanuri. Dobi alipewa shuka jeupe alishike juu kwa mikono miwili ili lirudishe mwanga usoni kwa mzee. Karani akaketi na sanduku lake, shati jeupe, suruali ya kijivu. Kinyozi akampa chai, akamwongezea nyingine, kwa kuwa alipenda jinsi mzee anavyoshika kikombe. Jasho lilimtiririka Kinyozi mpaka kidevuni likadondokea kwenye chai ile, Dobi akaona, akakohoa. Mzee akanywa.

Wakarudia, wakarudia. "Mara moja tena, mzee wangu. Tazama mlango. Wanakuja watoto. Hawaji. Wanakuja. Safi!"

"Kitinda," Karani akasema, "nataka kutoka."

Dobi akashusha shuka. Kinyozi akarusha mkono hewani bila kumtazama. "Usishushe! Uso huo! Mzee, kidogo tu, kidogo tu, hapo hapo ulipo!"

Na Dobi, na kinyaa chake chote, na kiapo chake, akalipandisha shuka tena. Muda wa kuhesabu mashati machache tu. Lakini ulitosha. Karani akanyanyuka, sanduku likaanguka, na suruali ya kijivu ikageuka nyeusi kuanzia juu mpaka kwenye soksi. Mzee akatazama chini. Akajaribu kujifunika kwa mikono.

"Zima! Zima kitu hicho! Tokeni nje!" Dobi alipiga kelele ambayo hakujua kama anayo. Harusi akashtuka, akashusha kamera, akaitua kwenye rafu katikati ya mashati. "Tayari, tayari," akasema, akatoka amejifunika mdomo. Kinyozi alitoka kinyumenyume, jicho moja amelifumba.

Pipani hakukuwa na maji. Walikuwa wameyamaliza asubuhi kwa kusafisha sakafu ipendeze. Dobi akachukua ndoo akakimbia bomba la uani. Maji yakawa yanatoka kama yanaombwa. Huku nyuma anamsikia baba yake anaita, "Kitinda! Kitinda, njoo!" naye anajibu, "Nakuja, baba!" Anaitwa tena, anajibu tena. "Niko hapa, baba, nakuja!" Ndoo ilipofika nusu hakungoja. Akaingia, akafunga mlango kwa kisigino, akapiga magoti. Akamvua, akamwosha, akamfuta, akamvisha. Mzee alikuwa anatetemeka, kisha akatulia, akamshika mwanawe kichwani. Dobi alipotoka nje, alimkuta Kinyozi amekaa kwenye ngazi anakula chakula cha Karani kwenye bakuli la Shangazi.

Usiniulize kwa nini hakumpiga.

Jumapili mchana, Dobi akavuka barabara kuuliza kazi imefika wapi. Duka la kunyolea lilikuwa limefungwa kwa wateja. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya mashine, katikati ya vitana na nywele, na wale wawili wamekodoa macho. Hawakumwona. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na chumba cha nyuma, na ndani ya chumba kulikuwa na Dobi mwenyewe, amepiga magoti, na sponji mkononi. Na mbele yake baba yake, uchi wa mnyama.

Dobi ametia mikono kwenye mashuka ya watu kwa miaka na hajawahi kutapika, lakini siku ile alishika mlango.

Kinyozi akageuka, mdomo umejaa mkate, macho yamejaa machozi, na machozi yenyewe ni ya kweli, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Kaka! Umeniliza! Nimepiga filamu maisha yangu yote sijaona kitu kama hiki!" Alikuwa hajapiga filamu hata moja. Makombo yakaruka kutoka mdomoni mwake yakatua kwenye kioo, juu ya mgongo wa Karani.

"Nilisema mzime."

"Mimi huwa sizimi," Harusi akasema chini chini, akitazama ufunguo wake. "Unajua sizimi."

Kweli, alijua. Kila mtu mtaani alijua. Dobi alikuwa ameisahau tabia ambayo ameicheka kwa miaka yote ya urafiki wao, na sasa ilikuwa imekaa kwenye kompyuta.

"Futa."

"Nisikilize kwanza..."

"Futa, wewe mbwa!"

"Mficha uchi hazai, rafiki yangu!" Kinyozi akasimama, mikono imeinuliwa kama mhubiri. "Hii ni sanaa. Watu watakupenda. Watasema, tazama mtoto yule anavyomtunza baba yake! Unaona aibu gani? Ulikuwa na upendo usoni, nimekuongezea mwanga."

Nimekuongezea mwanga. Dobi alimtazama mtu huyu, akayaona makucha yake yenye nywele za watu chini yake, akaona meno yenye mkate, akajiuliza alikula naye vipi miaka yote hiyo. Ule urafiki aliuona umeoza kama tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo, ambalo juu linaonekana maji safi mpaka uliinue.

Akaweka mkono juu ya waya wa kompyuta. "Nang'oa."

"Using'oe! Kaka, saa ya kukabidhi imefika, tukikosa hapa tumekosa! Niambie unataka nini. Sema, nitoe nini? Mbele ya macho yako, nitoe nini?"

"Ninapomwosha. Patoke pote. Mtu yeyote asimwone baba yangu anaoshwa."

"Pote?"

"Pote! Na suruali nayo isionekane."

Kinyozi akashusha pumzi kubwa ya mtu anayejitolea mhanga. Akaketi, akabofya. Dobi akasimama nyuma yake, akavumilia harufu ya shingo yake, akaona kwa macho yake mawili: Dobi wa kwenye kioo akatoweka, ndoo ikatoweka, sponji ikatoweka. Picha ya mzee ikasogezwa karibu, suruali ikakatwa, akabaki kuanzia mkanda kwenda juu. "Umeona? Kwisha. Ahadi ni deni, na mimi nimelipa. Sasa niache niweke muziki tuwahi."

Dobi akaondoka. Kazini kwake mteja wa namna hii anamjua vizuri: anakuja amekasirika kwa ajili ya doa, unamwonyesha doa limetoka, anafurahi, anaondoka bila kuikunjua nguo yote. Siku ile mteja alikuwa yeye.

Jioni akampigia baba yake pasi suti ya mahakamani, ile nyeusi. Kola, mabega, mikono, mgongo. Waandaaji walikuwa wamewaalika waigizaji wote, na Karani tangu mchana alikuwa anauliza kikao, kikao. Shangazi alimfunga mzee tai bila kusema neno, na Shangazi kunyamaza ni habari mbaya. Walipofika mlangoni tu akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao," akarudi jikoni.

Ukumbi ulijaa. Viti vya kitambaa chekundu ambavyo Dobi hakutaka hata kuvifikiria vilikuwa vimekaliwa na nani na nani. Alitandika leso kabla baba yake hajaketi. Mzee alitazama waamuzi watatu mezani mbele, akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini. Kinyozi alikuwa safu ya mbele, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aligeuka akawapungia mkono, na Karani, mtu wa adabu, akampungia pia.

Zikapita filamu za wengine, za kukimbizana na za mapenzi. Kisha ikaja yao.

Mwanzoni ilikuwa nzuri, na hilo Dobi alilikubali moyoni kwa uchungu. Mzee na sanduku. Mzee na kikombe. Mzee anatazama mlango. Halafu mzee akanyanyuka, sanduku likaanguka. Suruali haikuonekana, kweli, Kinyozi alitimiza. Ilionekana mikono tu, ikihangaika pale chini ya picha, inaficha kitu, inafunika, inafunika tena, na ukumbi mzima ukajua ni nini. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Masikini, amejikojolea." Akasema kwa huruma, huruma ile ya kumtupia mtu.

Kisha mzee peke yake chumbani. Amesimama. Anatetemeka. "Kitinda!" Mlango haufunguki. "Kitinda, njoo!" Hakuna anayejibu. Dobi akatega sikio mpaka likamuuma, maana yeye alijibu. Alijibu kila mara. Lakini badala ya sauti yake palikuwa na muziki, kinanda cha kubembeleza machozi, kimemwagwa juu ya kila "Nakuja, baba" na kila "Niko hapa", halibaki hata neno moja. Mzee anaita. Kinanda. Mzee anaita. Kinanda. Sasa ingepaswa aingie mtu na ndoo. Dobi alijua anaingia, alikumbuka kisigino chake kwenye mlango. Hakuingia mtu. Yeye mwenyewe alisema patoke pote. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi meupe: Wengine wanangoja mpaka leo.

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama. Mwamuzi mmoja alivua miwani akafuta macho kwa kidole, kisha akakipangusa kidole kwenye kitambaa cha meza, na Dobi akawaza bila kutaka kwamba kitambaa kile kesho kinaweza kuja dukani kwake. Watu waliomlia baba yake walikuwa wanapiga makofi huku wakitafuna. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni mwa Dobi, hajui ayateme wapi. Kinyozi akaruka jukwaani, akainama kulia, akainama kushoto, akamtaja Harusi, akanyoosha mkono kuelekea viti vya katikati. "Na mzee wetu mwenyewe yuko hapa leo! Yule pale!" Vichwa vikageuka, safu baada ya safu.

Karani alikuwa anapiga makofi pamoja na watu, polepole, kwa heshima, kama mtu aliyefunzwa kutopiga makofi kupita kiasi. Machozi yalimtiririka. Akamwinamia mwanawe sikioni.

"Kijana," akasema, "yule mzee hana watoto?"

Dobi akameza yale mate. "Anaye mmoja, mzee wangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na anamwona baba yake vile, mbele za watu, naye amekaa tu?"

"Amekaa tu, mzee wangu," Dobi akasema.